Mtu wa Pazia

Mheshimiwa Mwenye Ukumbi, ambaye leo umewahi kuliko feni zako. Mama Mitambo, bibi wa sherehe. Fundi Cherehani na binti yako, hapo mstari wa tatu. Ndugu watazamaji mlioingia kwa tiketi na mlioingia kwa dirisha la choo, itifaki imezingatiwa.

Mimi ndiye mdomo wa ukumbi huu, mtafsiri wa filamu zenu. Shule niliiacha darasa la saba, lakini kuna shujaa gani wa filamu ambaye hajaongea Kiswahili kwa sauti yangu? Hakuna. Sasa mama huyu, aliyeendesha mashine yetu ya filamu miaka thelathini na moja, anastaafu, na mnataka nimsifu. Nitamsifu kwa siku aliyoniaibisha.

Mnaikumbuka ile filamu ya mtaa uliowatupia majirani vyombo nje kwa sababu ya rangi ya ngozi yao? Ng'ambo ya barabara kuna bwana anachungulia kwenye pazia, kimya. Mimi na kimya tuna ugomvi wa siku nyingi. Nikamsemea: "Waondoke tu, hawa nao wamezidi." Ukumbi mzima mkacheka, msijifanye hamkuwepo. Fundi, ambaye rangi yake mtaani kwetu ni ya nyumba moja tu, akainuka, akamshika binti yake mkono, akatoka.

Mashine ikazimwa. Taa zikawaka.

"Yule wa pazia amesema nini?" Mama akaniuliza kutoka kwenye kitundu cha chumba chake cha mashine, kule nyuma.

"Hajasema kitu, Mama."

"Kosa lake ndilo hilo, na wewe umemfunikia. Hayo maneno ni ya nani?"

"Lakini watu wamecheka, Mama."

"Nao nimewasikia. Ila kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa nani? Kamwite Fundi. Mashine haiwaki mpaka arudi."

Nikaenda, mbio za mtu asiyetaka kufika. Fundi alikuwa mlangoni kwake, anatia uzi kwenye sindano.

"Nimetumwa na Mama," nikasema.

"Kama umetumwa, rudi ukamwambie umefika."

Ndugu zangu, mimi ninayesemea majenerali nilikosa neno. Nikakaa kwenye ngazi yake mpaka likaja. "Basi nimekuja mwenyewe. Yule bwana hakusema. Nilisema mimi. Nisamehe."

Akamtazama binti yake. "Turudi?"

"Turudi," binti akasema, "kama huyu atanyamaza."

Mkatungoja, kwa sababu Mama alikuwa amekalia funguo za mashine. Filamu ikaendelea. Nilinyamaza mpaka mwisho, na mpaka leo kuna wanaosema ndiyo kazi yangu bora. Wivu tu.

Mama, umetufundisha kwamba lawama ya umati haina anwani, lakini kila kiti humu ndani kina namba. Gauni ulilovaa leo limeshonwa na Fundi, bila kupimwa, maana amekutazama ukipita mlangoni kwake miaka yote hiyo. Nani mwingine hapa anajulikana hivyo?

Jumamosi alasiri tunaionyesha tena filamu ile, kwa heshima yako. Kaa mbele, kwa mara ya kwanza uone picha kama watu. Bwana wa pazia akitokea, kipaza sauti nitampa binti wa Fundi akishike. Kila mtu atakisikia kimya kile, na atajua mwenyewe amekaa upande gani wa pazia.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Mdomo wa ukumbi umefungwa, kwa leo.