Dada Yetu Bi Pete, Aliyejua Mbao Inavyozaliwa

Marehemu dada yetu, ambaye wenzake kazini walimwita Bi Pete kwa mazoea yake ya kuhesabu pete za miti, zile duara za umri ndani ya shina, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, binti wa kwanza wa fundi seremala. Akiwa na miaka saba alimuuliza baba, "Mbao inaota wapi, ndani au nje?" Baba akamwambia, "Kaulize mti." Akaenda kuubandua gome mti wa jirani, akachapwa.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya baba, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akapata stashahada ya misitu. Mwaka huohuo aliajiriwa kuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa miti.

Tarehe 7 Juni 1986 aliolewa na dereva wa kituo. Siku aliyoposwa alimjibu, "Ngoja nimalize sinia hili la vipande vya miche." Shemeji alingoja kwa saa tatu, koti mkononi.

Vipande vyenyewe ndivyo vilivyoleta vita. Mche ukikatwa ncha huacha kunenepa, kwa kuwa homoni iitwayo oksini hutoka kwenye machipukizi, ikashuka chini ya gome na kuziamuru seli ziwe mbao. Marehemu alikata ncha za miche mia mbili na arobaini. Mingine akaipaka oksini, mingine homoni ya jibereli, mingine zote mbili. Mkuu wake wa kazi akaliazima daftari lake la matokeo "alitupie macho." Lilirudi likiwa makala yenye jina la mkuu peke yake.

Kwenye mkutano wa wataalamu, mwaka 1988, dada alisimama.

"Samahani mkuu, miche ya jibereli peke yake ilitoa mbao gani?"

"Ngumu, safi kabisa."

"Haikutoa mbao. Seli ziligawanyika zikabaki laini. Vipande ninavyo hapa."

Ukumbi ulimwangulia mkuu kicheko. Kesho yake alihamishiwa ghala la mbegu, akakaa huko miaka kumi na mmoja, akiliandikia jarida lililochapisha makala ile barua kila mwaka. Mwaka 1999 makala ile ilifutwa, kazi ikachapishwa kwa jina lake, mkuu akavuliwa cheo. Dada alimpelekea nakala mwenyewe, akamtaka asaini kwamba ameipokea. Saini hiyo imetundikwa sebuleni kwa dada hadi leo.

Aprili 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifariki tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alituachia agizo moja: "Yule akija, msimpe kipaza sauti."

Amekuja. Yuko safu ya tatu, na ameomba kusema machache. Familia imekataa. Mimi mdogo wake sijamsamehe, wala dada hakunituma nimsamehe.

Dada ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu. Shada la maua lililoletwa na yule mkuu liko mlangoni, aondoke nalo.

Dada, pumzika kwa amani. Wewe umemaliza, yeye bado.