Nywele Ambazo Kinyozi Bandali Hakuzikata

Marehemu Bandali Mitri Nazzal alishika kanuni moja tangu alipokabidhiwa wembe hadi alipofumba macho: nywele za nadhiri hukatwa pale zilipowekewa nadhiri, si kwingine. Waliomuaga asubuhi hii wameona misuko miwili myeupe juu ya kifua cha kinyozi, na wageni wamenong'ona. Basi na waelezwe.

Alizaliwa hapa Beit Jala tarehe 6 Mei 1938, sikukuu ya Mtakatifu Georgi, mtoto wa tatu wa mzee Mitri, mchonga mawe, na mama Katrina. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mkunga alichelewa kwa kuwa alikuwa akingoja fungu lake la kondoo wa sikukuu.

Alisoma shule ya parokia hadi darasa la sita. Hesabu aliiweza; kuimba hakujaliwa, na padri alimwomba kwa upole asimame nyuma. Mwaka 1953 alipelekwa Yerusalemu kwa mjomba wake Khalil, kinyozi wa karibu na Lango la Dameski. Kila kiangazi mjomba alimpandisha hadi kwenye kaburi la Nabii Samweli, juu ya kilima kaskazini mwa mji, ambako wazazi huwawekea watoto nadhiri, kisha huwarudisha kunyolewa mara ya kwanza. Samweli mwenyewe alikuwa mtoto wa nadhiri. Mama yake aliahidi kwamba wembe hautagusa kichwa chake. Waislamu walileta watoto wao, Wakristo wao, na baada ya vita vya 1967 Wayahudi nao wakaleta wao. Kiti kilikuwa kimoja. Umm Nayef, mama wa Kiislamu wa kijiji cha pale kilimani, alizifagia nywele zote na kuzifukia pamoja chini ya mtini.

Huko ndiko alikojuana na Yehezkel, muuza mboga Myahudi, aliyeleta wanawe watano kwa nyakati zao. "Abu Mitri," Yehezkel alimwambia safari ya kwanza, akimwita kwa jina la mwanawe, aliyerithi jina la babu yake, kama ilivyo desturi yetu, "ukimkata mtoto sikio, nabii atakudai." Marehemu hakuinua macho. "Atanisamehe. Mtoto analo la pili."

Duka lake mwenyewe alilifungua Beit Jala mwaka 1962, lakini kila kiangazi aliendelea kupanda kilimani na wembe wake. Majira fulani ya mvua, tajiri mmoja alimleta mwanawe, akalipa mara tatu ili nywele za nadhiri zikatwe pale pale, maana njia ya kilimani ilikuwa tope tupu. Marehemu alimrudishia fedha zake. "Nabii hajahamia Beit Jala," alisema. "Mpandishe mtoto." Siku hizi watu huweka nadhiri kama wanavyoagiza kahawa, na ikipoa huiacha mezani. Yeye hakuwa wa namna hiyo.

Tarehe 12 Septemba 1965 alifunga ndoa na Hanneh katika kanisa hili la Mtakatifu Nikola. Mungu aliwajalia Mitri, aliyekuja kufanya kazi naye dukani, na Samira.

Mwaka 2004 figo za Samira zilishindwa. Marehemu alipata kwa jeshi la Israeli kibali cha siku moja cha kuvuka, akapanda kilimani, akaahidi mbele ya kaburi kwamba mkasi hautamgusa kichwani hadi binti yake apone, naye arudi kunyolewa pale. Mwaka uliofuata Samira alipata figo mpya, akapona. Lakini ukuta wa Waisraeli kati yetu na Yerusalemu ulikuwa umekwisha kujengwa, na kila alipoomba kibali cha kwenda kusali alinyimwa.

Nywele zikashuka mabegani. Watoto wakamwita bibi harusi. Muuza nyama jirani akasema kinyozi mwenye nywele ni kama mwokaji mwenye njaa, na wateja wakacheka, kisha wakahama. Mitri alimsihi baba yake azikate, akajibiwa kwamba wapo watu waliopandishwa kwenye tope kwa kanuni hiyo hiyo. Mwaka 2011 duka lilifungwa, Mitri akahamia Chile. Yehezkel alipiga simu, akamwambia azikate mwenyewe, azitie mfukoni, yeye atazipeleka, nabii anamjua.

"Ananijua, ndiyo maana siwezi," marehemu alijibu. "Nadhiri haitumwi. Inakwenda kwa miguu yake."

Oktoba mwaka huu, 2019, moyo wake ulidhoofika, akapewa kibali cha kutibiwa Yerusalemu, Samira akiwa msindikizaji. Kutoka dirisha la wodi, mnara wa Nabii Samweli ulionekana. Yehezkel alikuja na gari la mwanawe.

"Vaa viatu," alisema. "Saa moja tu, tumesharudi."

Marehemu alivaa kiatu kimoja, akatulia. Kibali kilisema hospitali tu. Wakikamatwa njiani, Samira angefungiwa njia, naye kila baada ya miezi mitatu huenda Yerusalemu kwa ajili ya figo yake. Samira mwenyewe alimwambia, "Twende, baba. Mimi nimekubali."

"Mimi sijakubali," alisema. "Nilimwomba anipe wewe. Nitakwendaje kumshukuru kwa kukuweka rehani?" Akakivua kiatu. Yehezkel alikiokota, akakipanga chini ya kitanda pamoja na mwenzake.

Alifariki tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, Samira akimsuka.

Ameacha mjane, Hanneh, mwana, Mitri, aliye Chile, binti, Samira, na wajukuu wanne. Ameacha pia rafiki, Yehezkel, ambaye sheria ya kwao haimruhusu kuvuka ukuta kuja huku; leo amepanda kilimani mikono mitupu, kama marehemu alivyoagiza. Mungu amlaze pema, na ampe pumziko ambalo njia haikumpa.

Kanuni yake ilimgharimu duka, ikampeleka mwanawe ng'ambo, na ikamfanya achekwe miaka kumi na mitano. Nadhiri hakuitimiza. Anazikwa nayo kichwani.