Mji Mzima, Hasa Asubuhi

Kwa masikitiko makubwa, familia inatangaza kuondokewa na Daktari, bingwa aliyewahudumia wakazi wote wa manispaa hii, matajiri kwa mafukara, wengine mara tatu kwa siku, bila hata mmoja wao kumshukuru.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi ya mtaani hapo, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu ufundi bomba mwaka 1978. Cheti cha udaktari hakuwa nacho. Hilo tunalisema taratibu, kwa sababu baba mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, amekaa mstari wa mbele na ndiyo kwanza analisikia.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kituo cha kutibu majitaka, kule nyuma ya ukuta mrefu karibu na ufukwe, ambako wapita njia huharakisha mwendo. Kazi yake ilikuwa kutoa matambara na kandambili kwenye chekeche, kuzibembeleza pampu, na kuangalia afya ya wadudu wanaokula uchafu bwawani. Maji hulazwa humo mpaka yapate nafuu, ndipo yanaruhusiwa kwenda baharini. Wafanyakazi husema hivyohivyo, na lugha hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote.

Mwaka 1984 alikwenda kujitambulisha kwa wakwe. Chai ilikuwa mezani, na kwa adabu zake hakutaka kutaja choo mbele ya vikombe vya watu. Baba mkwe akamuuliza anafanya kazi gani.

"Natibu, mzee."

"Alaa. Na mnalaza?"

"Tunalaza. Wiki tatu, kwa kawaida."

"Hutoka salama?"

"Hutoka safi kabisa."

"Huja wengi?"

"Mji mzima, mzee. Hasa asubuhi."

Ndoa ilifungwa Agosti mwaka huohuo. Bibi harusi alipofua sare ya kwanza aliuliza ni hospitali gani inayonuka hivi. Alipojibiwa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanyamaza, maana baba yake alikwishatangaza mtaa mzima. Ndugu wakaanza kuja na maradhi yao. Marehemu, ambaye hakujua kumwangusha mtu, aliwapa ushauri aliokuwa nao: mafuta kidogo, maji mengi, na kisichosagika kisipite. Ndiyo hayohayo aliyowaambia wenye mahoteli kuhusu mabomba yao. Baba mkwe aliyafuata, na leo ana miaka tisini na miwili na bado anatafuna mifupa. Mjane mpaka sasa haelewi kama mumewe alimdanganya baba yake au alimtibu.

Mwaka jana tezi dume ilimzidi. Daktari wa kweli alimchorea mchoro na kumweleza kwa maneno marefu. Marehemu akauliza, yaani imeziba? Daktari akafikiri kidogo, akakiri kwamba ndiyo, imeziba. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, alfajiri.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, baba mkwe, na wenzake wa kituoni, wale waliosimama nyuma na mabuti yao. Tunamwombea usingizi mwema, usiokatizwa na kengele ya pampu.

Inabaki kueleza kwa nini wasifu umesomwa hivi. Shangazi, mtu wa kujiandaa mapema, alikwishaandika wasifu mwingine marehemu akiwa bado anapumua, na humo alikuwa Daktari mwanzo hadi mwisho. Wenzake wa kazini wakaapa kwamba ukisomwa huo watacheka makaburini. Mjane akakwama katikati: anaogopa kumwaibisha baba yake mbele ya watu, na anaogopa kumzika mume asiyemjua. Mwishowe aliinama kitandani akamuuliza mwenyewe: baba watoto, siku hiyo tuwasomee ukweli, au tuwasomee Daktari?

Jibu lake amelipindua kila upande, na bado hajui lilikuwa ruhusa au katazo. Marehemu alisema:

"Kwani mimi nitakuwepo?"