Rubani Anachagua Injini

Ukitoka mpakani Tunduma ukafuata foleni ya malori kurudi nyuma, utaikuta karakana ya Danford, na mbele ya karakana kuna benchi la ubao wa bodi la lori lililostaafu, limekalia matairi mawili. Asubuhi ya baridi, upepo ukiwa unahamisha vumbi la Tanzania kulipeleka Zambia bila kibali, wenye benchi huwa wameshafika. Yupo Danford mwenyewe, fundi wa turbo za malori, ambaye mtaa umelisahau jina lake unamwita Turbo. Yupo Yonasi, mpitisha mizigo ya forodha, aitwaye Wakili kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa hoja hata moja. Na yupo Zabron, dereva mstaafu, aliyepewa jina la Rubani enzi zile alipokuwa akishuka na lori milimani utadhani anatafuta mahali pa kupaa. Anayewamiminia kahawa ni Raphaeli wa Ibaba, na kwa kuwa kahawa ni ya shambani kwao, hakubali mtu aiharibu kwa sukari.

Siku hiyo Rubani alikuja na jambo zito. Nyumbani kwake, chini ya kitenge cha mkewe Marita, ililala ndege ya mfano, jeti ya kurushwa kwa rimoti, ndefu karibu sawa na benchi lile. Alianza kuichonga kabla hajapatwa na kiharusi, akaimalizia baada ya hapo, polepole, kwa msaada wa jiliwa la kubania mbao na ukaidi. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa injini. Sasa madereva aliowafundisha kazi walikuwa wamechanga, na Isaka, aliyewahi kuwa utingo wake, alikuwa Sauzi nyumbani kwa mzee mmoja anayeuza injini zake za jeti. Rubani aliinua simu akawasomea ujumbe:

“Shikamoo mzee. Zipo mbili, ndogo na kubwa. Zote zinaenea kwenye ndege yako. Nichukue ipi? Leo napakia, nikiondoka sirudi huku.”

Simu aliishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye mfuko wa koti, ndiko unakoishi. Aliwaambia wenzake zamani kwamba umepona, wakasema Mungu mkubwa, na hakuna aliyeuliza tena. Ukweli ni kwamba ulikuwa haushiki hata kijiko. Na rimoti ya ndege ina vijiti viwili, kila kijiti na mkono wake. Siku injini itakapofika, atasimama uwanjani mbele ya mji mzima na kila mtu ataona. Ndiyo maana asubuhi ile alitamani mabishano yarefuke mpaka Isaka achoke kusubiri.

Na mabishano hapo hayajawahi kuwa haba.

— Kubwa! alisema Wakili. Hakuna mjadala. Mgeni njoo mwenyeji apone. Ukileta mgeni mdogo, mwenyeji atapona nusu.

— Sauzi ya nini? alidakia Turbo. Hapo nyuma nina turbo ya Scania, nzima kabisa. Naisafisha, naifunga chemba ya moto, unapata jeti ya nyumbani.

— Turbo yako ina uzito kuliko ndege yenyewe, Rubani alisema.

— Sasa si ndo itatulia? Kitu chepesi kinapeperushwa. Polepole ndio mwendo.

— Wa ndege au wa kobe?

Walicheka. Raphaeli alipita na birika, akamimina, na kama kawaida yake kahawa nyingine ikamwagikia vidole.

— Raphaeli nawe, Rubani alimtania. Miaka yote unauza kahawa, kumimina bado unajifunza?

— Nisamehe mzee. Birika lina kizunguzungu.

Aliweka kikombe upande wa kushoto wa Rubani, akajifuta vidole kwenye aproni. Wakili alirudi kwenye kesi yake.

— Tuelezane kwanza. Inakula nini hiyo injini?

— Mafuta ya taa, na oili kidogo.

— Haya haya ya jiko la utambi?

— Haya haya. Kubwa inasukuma vizuri sana, ila inakunywa.

— Iache inywe! Siku hizi majirani wote wana sola, mafuta ya taa yanamsubiri nani?

— Tatizo si kunywa, Rubani alisema, na hapo macho yake yakawaka, maana kitu hiki alikipenda. Jeti si kama lori. Ukisukuma moto, haiitiki papo hapo. Inafikiri kwanza. Inavuta pumzi, inalia nyembamba, halafu ndo inakuja na nguvu zake zote. Sasa kubwa ikishakuja, ndege inakuwa na haraka, inakutaka na wewe uwe mwepesi. Ndogo inakuvumilia. Kidole cha kushoto kinashika moto, na cha kulia kinashika mabawa, na viwili hivyo lazima...

Alikuwa amejipeleka mwenyewe mahali asipotaka kufika.

— Ndiyo, alisema Turbo kwa haraka. Hata wahenga walisema, mkono mmo...

Kikohozi kikamshika. Alikohoa kwa bidii kuliko kinavyostahili kikohozi cha kweli.

— Walisema, mkuki kwa nguruwe.

— Unahusiana nini na injini? Wakili aliuliza.

— Wewe si msomi? Tafakari.

Rubani alitazama foleni. Dereva mmoja wa Kizambia alikuwa akipiga mswaki dirishani, na nyuma yake malori yalinyooka mpaka macho yanachoka. Alijua kwamba Turbo hakusahau methali.

— Mimi nina hofu moja ya kisheria, Wakili aliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kubwa ikishika upepo huu, hujapiga chafya iko Nakonde, Zambia. Imevuka. Haina pasi, haina tamko la mzigo. Nani anaenda kuitetea?

— Si wewe?

— Naenda, lakini kwa lugha gani? Ndege ya nani, mmeagiza wapi, inabeba nini? Haibebi kitu! Hapo ndo wanakufunga.

— Basi ifungwe kamba, Turbo alisema. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Unaifunga kwenye hili benchi.

— Ipae na benchi?

— Na sisi juu yake! Tunapita juu ya foleni, Raphaeli anamimina kahawa huko huko. Au tuchukue zote mbili, tuzifunge nyuma ya lori la mwisho pale, tuwashe. Foleni nzima inasukumwa mpaka Lusaka. Kesho unapewa tuzo.

Rubani alicheka mpaka kofia ikamteleza. Akaiwahi kwa mkono wa kushoto, na simu iliyokuwa pajani ikatetemeka. Ilikuwa Isaka.

“Mzee, nafunga turubai. Ndogo au kubwa?”

Kicheko kikamwisha. Aliandika kwa kidole gumba, taratibu: “Acha tu mwanangu. Tutaona mwakani.” Hakuituma bado. Alibaki ameitazama, na moyo ukamuuma vibaya, maana aliijua mwakani ya mzee ni kitu gani. Ndege itabaki chini ya kitenge mpaka siku atakapozikwa, na watu watasema alikuwa na mikono mizuri.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya benchi, mfugaji, amejitanda shuka, ana mavumbi ya safari. Aliwasalimu kwa heshima. Jina lake Kabula, alisema, ametoka Msangano kutafuta dawa ya ng'ombe, na duka bado limefungwa. Wakamsogezea nafasi. Raphaeli akampa kahawa, na mama akaipokea kama alivyofundishwa na mama yake, mkono wa kulia mbele na wa kushoto ukiutegemeza chini ya kiwiko. Akanywa funda moja, akawatazama mmoja mmoja.

— Samahani baba zangu, mimi mgeni. Kwenu huku kupokea kitu kwa mkono wa kushoto si vibaya?

Uso wa Rubani ukapata moto. Akaweka kikombe chini.

— Nisamehe mama. Si dharau. Ni...

— Sikusemi wewe baba. Nawaona wote. Huyu kashika kwa kushoto, na yule kwa kushoto. Hata mwenye birika anamimina kwa kushoto, mpaka anajiunguza. Ni mila?

Wakili, ambaye huwa na jibu hata kabla ya swali, alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake. Turbo aligundua ghafla kwamba foleni inahitaji kutazamwa.

Rubani aliwaangalia mikono. Kwa Turbo, kikombe kilikuwa kushoto, na mkono wa kulia umekaa bure juu ya goti. Kwa Wakili, vivyo hivyo. Raphaeli alikuwa na birika kushoto na vidole vyekundu. Tangu augue, hakuwahi kuiona mikono hiyo, maana mtu anayeficha mkono hutazama wake tu. Kumbe walijua. Walijua tangu mwanzo, na hawakusema. Waliacha adabu waliyolelewa nayo ili yeye asiwe peke yake aliyeikosa.

— Vumbi la leo, alisema, akijifuta macho.

— Kali, Turbo aliitikia.

Rubani akautoa mkono wa kulia mfukoni, akiubeba kwa mwenzake, akaulaza juu ya goti, hadharani. Hakuna aliyeutazama sana wala aliyekwepa kuutazama.

— Turbo. Ile methali yako ilikuwa inasemaje?

— Ipi?

— Iliyokukohoza.

Turbo akageuka kutoka kwenye foleni.

— Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

— Hauchinji kabisa, Kabula alisema, kwa uhakika wa mtu mwenye ng'ombe.

— Basi mimi nishike moto, wewe ushike mabawa. Rimoti tuiweke katikati. Utaniangushia ndege?

Turbo aliinuka, akazunguka nyuma ya benchi, akaja kukaa upande wa kulia wa Rubani, karibu kabisa, bega kwa bega. Rubani akaufuta ule ujumbe, akaandika mwingine, akautuma kabla moyo haujageuka:

“Chukua ndogo. Tutairusha watu wawili, na mmoja wetu mwoga.”

— Nani mwoga? aliuliza Turbo aliyekuwa akisoma pembeni.

— Tafakari.

Raphaeli alitikisa birika. Yalibaki matone ya mwisho. Akalihamishia mkono wa kulia, kwa unafuu wa mtu aliyevua kiatu kinachobana, akainama kummiminia Rubani.

— Rudisha kushoto, Rubani alisema.

— Mzee?

— Rudisha. Umwage kama kawaida, alisema, kisha akamgeukia mgeni. Ulituuliza, mama, tukakaa kimya. Ndiyo, ni mila. Ni ya benchi hili tu.

Kabula akafikiri kidogo. Halafu akahamisha kikombe chake kwenye mkono wa kushoto, akanywa.