Kifuniko Kikirudi, Nitanyamaza

Mheshimiwa D.O., Mheshimiwa Mkaguzi wa Viwanda Bi. Chepkemboi, Bwana Meneja Sagini na tai yako mpya, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu mnaonuka majani chai kama mimi: chamgei! Hamjaitika. Chamgei! Haya, sasa mmeamka.

Mimi ni Kipkurui, mwendeshaji wa mashine ya kusaga majani, na leo ninastaafu. Programu inasema niongee kidogo, nimkabidhi Meneja ufunguo wa swichi, yeye awashe mashine mpya, mpige makofi, halafu tukule nyama. Mpango mzuri sana. Lakini mimi nitaongea mpaka niridhike, na ufunguo uko ndani ya soksi yangu, kwa hivyo asitokee mtu wa kunipekua mbele ya mama watoto.

Nina furaha, jameni! Shule ilinishinda mapema, lakini leo D.O. mzima amekaa ananisikiliza! Na hii mashine, si inang'aa kuliko bibi harusi wa Kapkatet? Hebu iangalieni vizuri. Meno yake yako nje. Kifuniko kiko wapi? Jana kilifunguliwa kipakwe rangi nyekundu, ili Mkaguzi aone vile tunajali usalama. Rangi ikakataa kukauka, si mnajua ukungu wetu? Asubuhi Meneja akaniambia, "Mzee, tuwashe hivyo hivyo, kitarudishwa jioni." Nikamwuliza, "Na mikono ya Bilhah, nayo tutairudisha jioni?" Akacheka. Mimi pia nikacheka. Kisha nikaficha ufunguo.

Bilhah ndiye yule mwenye aproni mpya, atakayeilisha mashine majani leo. Na Esnah yuko mstari wa mbele. Esnah, inua mkono, mama. Hapana, ule mwingine. Mnaona? Vidole viwili vilienda msimu wa mvua, kwa mashine ya zamani, kifuniko chake kikiwa kimeegemezwa ukutani ili kazi iende mbio. Je, kazi ilienda mbio siku hiyo? Kiwanda kizima kilisimama, tukitafuta gari la kumpeleka hospitali.

Bi. Mkaguzi, wewe ninakupenda, lakini una tabia moja mbaya: unapiga simu kabla ya kuja. Ukipiga, gambuti zinatoka stoo, glavu zinatoka stoo, hata sabuni inatoka stoo! Gari lako likishapita geti, vyote vinarudi kulala. Njoo ghafla, mama, utukute na matope yetu. Si hiyo ndiyo kazi serikali ilikutuma? Na wewe Bwana Sagini, usimwogope mkaguzi. Ogopa siku utakayokaa nyumbani kwa mzazi wa mtu, umeshika kofia, ukitafuta maneno.

Nani anasema, "Malizia, Mzee"? Ni wewe, Kebaso? Tulia, nyama haitakimbia, ilishachinjwa.

Mnasikia hizo kelele za spana nyuma yangu? Huyo ni fundi wetu Kipngeno, anakirudisha kifuniko na rangi yake mbichi. Shati lake la kanisa limekwisha! Na aliyemtuma ni Meneja mwenyewe, Esnah alipoinua mkono. Nilikuona, Bwana Sagini, usijifiche nyuma ya tai. Mpigieni makofi! Hata mimi nimempigia, na si kawaida yangu.

Kipngeno, bado? Bolti moja? Basi nimsifu D.O. kidogo. Mheshimiwa, umekaa vizuri sana kwenye hicho kiti. Tayari, Kipngeno? Kigonge kwa ngumi tusikie! Hiyo ndiyo ngoma!

Programu inasema ufunguo apewe Meneja. Programu iliandikwa na Meneja. Bilhah, njoo wewe, binti yangu. Shika, usijali harufu. Siku mtu atakapokuambia uiwashe ikiwa uchi, mwambie ufunguo Mzee alienda nao nyumbani Silibwet, aufuate huko, nitampa chai.

Asanteni kwa kunisikiliza na njaa zenu. Bilhah, washa!