Siku Tulikataa Kununua Batoto ba Samaki

Bapendwa ba jumuiya, aksanti kwa kunipa nafasi. Yule mwenye alifungua maombi alisema kila mutu aseme kwa kifupi. Bwana yangu iko kule nyuma anacheka tayari, sababu anajua miye na kifupi hatujuane.

Bengi hapa munanijua: miye ni mama wa samaki. Kila juma nilikuwa napanda kamiyo ya kwenda Kasenga, nanunua samaki kwa bavuvi ba mto Luapula, narudi kuuzisha hapa Katuba. Bantu banasema samaki inanuka. Kwetu ilikuwa inanuka masomo ya batoto, inanuka bukari, ile ugali ya mangaribi.

Kisha samaki ikaanza kupunguka. Bavuvi bamoja bakaacha nyavu ya tundu kubwa, bakakamata chandarua, ile tunalalia sababu ya mbu. Banakokota nayo mto, inabeba yote, mpaka batoto ba samaki benye habajafika urefu wa kidole. Serikali ilikataza, lakini mto ni murefu. Miye nilikuwa na muvuvi wangu, baba mumoja mucheshi sana. Jina yake sitasema. Kila safari alikuwa ananiwekea samaki kubwa, na miye nilikuwa namwamini.

Siku moja tukirudi, ku baryera ya njia, ajenti ba kuchunga uvuvi bakasimamisha kamiyo. "Mama, fungua beseni." Nikafungua bila woga. Juu ilikuwa samaki ya kunona kabisa. Ajenti akaingiza mukono mpaka chini, akautoa umejaa tusamaki tudogo kama misumari.

"Mama, hii ni nini?"

"Baba, kwa kweli, hata miye najiuliza."

Bakamwanga beseni zangu zote mu shimo, bakatia petroli, bakachoma. Nilisimama pale, nanusa samaki ya kuchoma yenye hakuna mutu atakula.

Ndugu zangu, nawaambia, moto haikuwa ile iliniumiza zaidi. Habari ilifika Katuba mbele yangu, na mu njia ilibadilika: yule mama anauzisha samaki ya sumu. Pa soko, bakiliya bangu ba zamani bakaanza kupita mbali. Mama mumoja, mwenye nilimusaidia wakati wa kuzala kwake, aliniona akavuka barabara. Mutoto wangu wa kike alirudi ku masomo analia, benzake banamuita mwana wa sumu. Nikafunika beseni. Nikaacha hata kuimba mu koro ya kanisa, sababu niliona kama bantu banaangalia mikono yangu.

Bwana yangu, yeye ni fundi cherehani, hasemi mingi. Siku moja aliweka nguo chini, akaniambia, "Hukuweka ile samaki chini ya beseni. Mbona unajificha kama mwenye aliweka?"

Nilimukasirikia siku muzima, sababu ilikuwa kweli.

Basi nikatoka. Nikaenda kwa mama mumoja mukubwa, mwenye alianza kuuzisha samaki zamani kupita sisi wote. Nilizani atanifukuza. Akanivutia kiti, akasema, "Hata miye bavuvi bananifanyia vile. Nilikuwa naona haya kusema." Tukaita bengine. Kumbe karibu kila mutu alipata tusamaki chini ya beseni, na kila mutu alinyamaza peke yake. Tukapatana: tutaenda Kasenga pamoja, kila beseni itamwangwa kabla ya kununua, na mwenye kuvua na chandarua hatanunuliwa hata samaki moja.

Tulifika pa kivuko asubui, tukatandika bashi, turubai ya plastiki. Muvuvi wangu akakuja na kicheko chake.

"Mama, nilikukosa sana."

"Baba, mwanga beseni."

"Tangu lini bantu banachagua samaki kama maharagi?"

"Tangu balichoma yangu."

Akacheka, kisha akaona sisi hatucheke. Akamwanga. Tusamaki tukajaa pa bashi. Beseni ya pili, vile vile. Hakuna mwenye alinunua. Jua ikapanda, nzi ikakuja. Bavuvi bengine bakatutukana, bakasema kamiyo ingine itakuja kununua yote. Mwenzetu mumoja mukono ulikuwa tayari mu pochi. Simulaumu, na yeye iko na batoto ba kulisha.

Njo pale yule mama mukubwa alikaa chini karibu na ile samaki, akafunga kitambaa ku kichwa, akaanza kulia kilio ya matanga. "Batoto bangu, mumeenda kabla ya kuoa. Nani atatuzalia bengine?" Alilia vizuri sana. Kivuko yote ikapasuka na kicheko, hata bavuvi.

Muvuvi wangu akakaa karibu yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nikiacha chandarua, jirani atavua. Batoto bangu batakula nini?"

Hiyo ilikuwa ulizo ya kweli. Nikamuambia, "Tutanunua kwa mwenye kuacha, na kwake tu. Na wakati mto inafungwa sababu samaki izale, tutakuja kununua mihogo na karanga ya muke wako."

Aliangalia maji. Kisha akasema, "Sawa. Lakini bibi yangu ni mugumu kwa bei kunipita."

Leo ile chandarua inazunguka bustani ya bibi yake, inakataza kuku kula mboga. Bavuvi bengine bakamufuata, sasa banatembea na ajenti kuchunga mto. Hapana wote. Sitawadanganya. Lakini mto ilipofunguliwa, samaki ya kwanza nilibeba ilikuwa inapita mukono wangu kwa urefu. Na yule mama mwenye alivuka barabara kunikimbia alikuja, akasema, "Mwanga nione." Nikamwanga yote. Akachagua tatu, akaniomba musamaha.

Namushukuru Mungu. Namushukuru bwana yangu, bamama benzangu, yule baba mwenye alikubali, na hata bale bachomaji ba baryera: bila beye ningekuwa nauzisha udanganyifu mupaka leo. Ile nimejifunza ni hii: jina yako ikichafuliwa, usijifungie nayo mu nyumba. Toka nayo inje. Utakuta bengine benye kuchafuliwa kama weye, na mutanawa pamoja.

Juma hii tunaenda tena Kasenga. Mwenye anapenda kuona mto, nafasi iko mu kamiyo, lakini kurudi atabeba beseni.