Akoth Alipogeuka

Nawasalimu nyote katika jina la Yesu, na naomba makofi yangoje kwanza. Wanaonijua wanajua mimi nikishika maikrofoni siachi upesi, kwa hivyo mchungaji, uniwie radhi. Leo nimesimama kwa ajili ya huyu mtoto aliyepakatwa na mama mkwe wangu pale mbele, huyo anayevuta kitambaa cha watu. Ni Akoth wangu. Kuna wakati nilidhani sitamsikia akiniita Mama maishani.

Ndugu zangu, desturi yetu mnaijua. Mtoto akizaliwa, hupewa jina la aliyetangulia. Akoth tulimpa jina la nyanya ya mume wangu, mama aliyesifika hapa Usenge kwa kunyamaza. Husemekana angeanika omena, dagaa wetu wa ziwani, kutwa nzima na wenzake bila neno, kisha jioni aseme "Haya" na kwenda zake. Basi mtoto alipotimiza mwaka akiwa kimya, watu walicheka kwa furaha. Amefuata jina! Alipopita miaka miwili na bado ni kuguna na kunyoosha kidole, wakasema vile vile. Hata mama mkwe, anayenipenda kama aliyenizaa, alikuwa akiniambia, "Tulia, mwanangu. Mwenye jina hakuwa na haraka."

Usoni nilitulia. Moyoni nilikuwa naungua. Mtoto wa jirani, mdogo kuliko Akoth, alikuwa anaomba maji, anaomba uji, anamshtaki hata baba yake. Wangu alinivuta leso mpaka kwenye mtungi, na nisipomwelewa alijitupa chini akalia, hata mimi nikalia naye. Nilifunga na kuomba. Sala yangu ilikuwa moja tu: Bwana, mfungue kinywa.

Mungu alinijibu kwa njia ya kuniudhi. Kuna mama mmoja hununua omena kwetu akauze Kisumu mjini. Kwao ni Kiambu, na mambo yetu ya majina hayamhusu. Siku hiyo alikuja kwenye nyavu tunapoanika akaniambia, "Mama Akoth, huyu mtoto ana kiburi. Namwita, namwita, hata kichwa hageuzi."

Nilichemka. Nikamwambia nyumbani kwangu kiburi hakifundishwi.

"Haya, mwite wewe," akasema.

Akoth alikuwa amenipa mgongo, anachezea mchanga. Nikaita. Nikaita tena kwa sauti ya kuita mashua. Wanawake wote kwenye nyavu waligeuka. Akoth hakugeuka.

Nikakumbuka mafua yasiyoisha, na usaha wa sikioni tuliokuwa tunapangusa tukisema ni baridi ya ziwa. Nikakumbuka anavyocheza hapa kanisani ngoma ikipigwa, kumbe anaisikia kwa miguu, sakafu ikitetemeka. Kimya cha mtoto wangu hakikuwa cha marehemu mwenye jina. Ndugu zangu, mimi naombea kinywa, kumbe shida iko masikioni.

Tulikwenda hospitali ya Bondo, mimi na mama mkwe. Muuguzi akamulika masikio, akasema kuna maji mazito nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto anasikia kama mtu aliyezama. Akatutuma Kisumu, na huko daktari akayatoa. Mama mkwe alikaa nje ameshika leso yangu, anaomba kwa Dholuo, lugha yetu, bila kupumzika. Tulipokuwa tunatoka, daktari akaniambia masikio sasa yako wazi, lakini maneno hayaingii yenyewe. Mwongeleshe, akasema, kaa mbele ya uso wake, utaje kila unachoshika. Nikamuuliza kwa lugha gani. Akanijibu, hiyo unayotumia kugombania bei sokoni.

Basi nikaanza! Hii ni omena. Huu ni wavu. Hili ni jua, linachoma mama. Kutwa naongea na mtoto asiyejibu, mpaka wenzangu wakawa wanaulizana kama niko sawa. Na bado kimya. Wiki zikapita, kimya. Hapo ndipo imani yangu ilipotikisika kabisa, maana sasa sikuwa na kisingizio kingine.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama nageuza omena, Akoth ameketi chini ya mwavuli. Kunguru akatua nyuma yake, akalia. Akoth akageuka. Mwenyewe, bila kuguswa. Akamwangalia yule kunguru, akainua mkono kama mimi ninavyofanya, akasema, "Dhi!" Yaani nenda. Neno lake la kwanza duniani lilikuwa la kumfukuza mwizi wa omena. Nikaketi palepale mchangani nikalia, na kunguru wakala walivyotaka. Siku hiyo niliwasamehe.

Mama mkwe sasa hulalamika kwamba mwenye jina hakuwa na kelele hivi. Lakini analalamika akicheka, na ndiye anayemfundisha nyimbo.

Ndugu yangu uliyeketi hapo na mtoto aliyechelewa kuongea, mwite akiwa amekupa mgongo. Asipogeuka, usimsingizie marehemu. Mpeleke akaangaliwe, na ukienda, nenda ukiomba. Mungu niliyemwomba kinywa alikuwa anajua njia ya kufika huko vizuri kuliko mimi.

Nilitaka kusema mengine, lakini mmemsikia? Ananiita kutoka pale. "Mama, wadhi!" Anasema twende nyumbani, amechoka na maneno yangu.

Nakuja, mwanangu. Sasa pigeni hayo makofi, mpige kwa nguvu. Anasikia.